Karatasi ya Saba Hutapewa

Tarehe 10 Agosti 2027, ukifika mbele ya foleni, karani atakupa karatasi sita. Rais, gavana, seneta, mbunge, mwakilishi wa wanawake, MCA. Utaweka alama, utatumbukiza, utapakwa wino kidoleni, utapiga picha ya kidole uweke status. Umemaliza kazi. Ama ndivyo unavyofikiria.

Kuna karatasi ya saba na hiyo hutaiona. Miezi michache baadaye, bila kelele nyingi, watapewa watu 416 pekee: wabunge 349 na maseneta 67. Wataitumia kuchagua Wakenya 9 wa kwenda Bunge la Afrika Mashariki, ile EALA, huko Arusha, kwa miaka mitano. Wewe siku hiyo utakuwa kazini ama darasani ama kwa mathree imekwama Outering, na ukibahatika utasikia majina kwa taarifa ya saa moja kabla hawajafika kwa michezo.

Najua kidole kishaanza kusonga. "Arusha inanihusu na nini?" Nipe dakika mbili, tuanze na nguo.

Hiyo hudi umevaa, kama uliitoa Gikomba ama Toi, ilipita bandari ya Mombasa chini ya Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 2004. Hiyo sheria haikutungwa Nairobi. Ilipitishwa na EALA, na mpaka leo ndiyo KRA wanashika mkononi wakiamua mzigo unakaguliwa vipi, thamani yake inahesabiwa vipi, na ukishikwa unashikwa kwa kosa gani. Simu yako ilipitia mlango huo huo. Taa yangu ya kurekodi video pia. Viwango vyenyewe vya ushuru huamuliwa na mawaziri wa Jumuiya: asilimia 0, 10, 25, na tangu Julai 2022 kuna daraja la nne la asilimia 35 ambalo lina nguo na fanicha ndani. Sasa jiulize, mawaziri hao wakiamua vibaya, nani ana kazi ya kuwaita na kuwauliza maswali? Ni wale wabunge wa Arusha.

Juni 2024 tulisoma Mswada wa Fedha kifungu kwa kifungu. Watu walitafsiri mpaka kwa Kikamba na Kiluo, tukajua nani alipiga kura ya ndiyo, tukasambaza mpaka namba zao za simu. Nasema hivi kwa heshima yote ya wale tuliowazika: hatujawahi kuuliza swali hata moja kuhusu ushuru unaoamuliwa kilomita mia chache kutoka hapa.

Na usidhani ni mambo madogo. Machi 2016 marais wa Jumuiya walikaa wakakubaliana kwamba mitumba ipunguzwe polepole mpaka iishe kabisa. Marekani ikakasirika, ikatishia kutunyima nafasi ya AGOA, yaani kuuza bidhaa kwao bila ushuru. Kenya ikarudi nyuma. Rwanda ikakaza shingo, na 2018 Trump akawafungia nguo zao. Sitaki kubishana leo kama mitumba ni mizuri ama ni mibaya. Nataka tu umfikirie yule mama wa Gikomba anayesomesha watoto kwa mzigo wa jinzi. Riziki yake iliwekwa mezani, ikajadiliwa, ikatolewa mezani, na hakuna siku mtu alimuuliza. Kwa karatasi, wale tisa ndio walikuwa watu wake. Hakuwachagua, na ningeweka dau hakuwajua.

Halafu kuna watu wenyewe, si bidhaa tu. Novemba 2024 Kizza Besigye alichukuliwa hapa Nairobi, akaonekana siku chache baadaye ndani ya mahakama ya kijeshi Kampala. Mei 2025 Martha Karua alikwenda Tanzania kufuatilia kesi ya Tundu Lissu akarudishwa. Boniface Mwangi na Agather Atuhaire wa Uganda walikamatwa huko huko Dar es Salaam, na walipotoka walisema waliteswa. Paspoti yangu ina jina la Jumuiya kwa jalada. Hilo jina linanisaidia nini nikivuka mpaka? Bunge la Nairobi haliwezi kuuliza hilo swali likajibiwa Dodoma, na la Dodoma haliwezi kulijibu Kampala. Liko bunge moja tu ambalo wote wamo ndani. Nchi nane, viti tisa kila moja.

Sitakudanganya kwamba EALA ina meno kama simba. Mswada ukipita pale unahitaji marais wote wakubali, na rais mmoja akikataa mara ya pili basi umekufa. Pesa zinatoka kwa michango ya nchi, na kuchelewesha michango imekuwa tabia. Lakini bunge linapitisha bajeti ya Jumuiya na linaweza kumbana waziri. Bunge lenye nguvu kidogo likijazwa watu wasio na haja nalo, hiyo nguvu kidogo nayo inapotea.

Ndio tufike kwa walio huko sasa.

Tarehe 17 Novemba 2022 wabunge na maseneta walipiga kura. Kenya Kwanza walikuwa na viti 5, Azimio 4. Hassan Omar alikuwa ameshindwa ugavana wa Mombasa Agosti hiyo hiyo. Akaenda Arusha. Suleiman Shahbal alikuwa ametaka kiti hicho hicho cha Mombasa, akamwachia Abdulswamad Nassir. Akaenda Arusha. Kanini Kega alikuwa amepoteza kiti chake cha Kieni. Arusha. David ole Sankok, muda wake wa ubunge wa kuteuliwa ulikuwa umeisha. Arusha. Winnie Odinga, binti ya Raila. Arusha. Sasa nitajie wanne waliobaki bila kushika simu. (Falhada Iman, Zipporah Kering, Fred Muteti, Maina Karobia. Karibu.)

Rudi nyuma mpaka 2017 uone kama huu mtindo ni mpya. Oburu Oginga, kaka mkubwa wa Raila, alichaguliwa. Kennedy Musyoka, kijana wa Kalonzo, alichaguliwa. Familia mbili za upinzani, viti viwili kati ya vinne vya upinzani. Na serikali yenyewe wakati huo haikuwa na la kusema kwa sababu nayo ilikuwa inapanga wake.

Watu wakisikia hivi huanza kunitafutia chama. Tulia. Sisemi hao watu hawafai. Omar ni wakili na aliwahi kuwa kamishna wa haki za binadamu, kwa hivyo kazi anaiweza. Winnie ni kijana kuliko wengi wa wenzake, na tukilia kila siku kwamba vijana hawapewi nafasi hatuwezi kugeuka tukalia amepewa. Shida yangu ni mlango waliopitia. Ukiingia kwa sababu kinara anakudai pole, ama kwa sababu kinara ni mzazi wako, mwajiri wako ni kinara. Omar tangu 2024 ni katibu mkuu wa UDA na bado ni mbunge wa Arusha. Huwa namuona kwa mikutano ya siasa za hapa nyumbani. Sijawahi kumsikia huko akisema chochote kuhusu ushuru wa Jumuiya, na simlaumu sana, kwa sababu hakuna mpiga kura anayemngoja kwa hilo.

Hapa ndipo wasee hupenda kuniambia, "Lakini ndivyo sheria ilivyo." Hapana. Sheria inasema kitu kingine kabisa.

Mkataba wa Jumuiya, kifungu cha 50, unasema bunge la kila nchi litachagua watu tisa wasio wabunge wake, na kwamba kadiri inavyowezekana hao tisa wawakilishe vyama vilivyo bungeni, maoni tofauti tofauti, jinsia, na makundi maalum. Unasema pia mtu awe na uzoefu ama hamu iliyothibitishwa ya mambo ya Jumuiya. Vyama ni kitu kimoja kati ya vile vinne. Sisi Kenya tumechukua hicho kimoja tukakifanya ndio chote: viti vinagawanywa kwa uzito wa vyama, vyama vinaleta majina, basi. Maoni tofauti yako wapi? Wavuvi wa Ziwa Victoria wanaoshikwa wakivuka mstari ambao hauonekani majini wana mtu wao? Madereva wa malori wanaolala Malaba na Busia? Watu wenye ulemavu angalau walikuwa na Sankok.

Na hii si mara ya kwanza mtu kulalamika. Mwaka 2006 Kenya haikupiga hata hiyo kura. Kamati ya Shughuli za Bunge ilichukua majina kutoka kwa vyama, ikayapitisha, na kanuni zikasema hao wamehesabiwa kuwa wamechaguliwa. Umesikia hiyo? Wamehesabiwa. Profesa Anyang' Nyong'o na wenzake, ndiyo, huyu huyu gavana wa Kisumu, wakaenda Mahakama ya Afrika Mashariki. Novemba mahakama ikasimamisha wale tisa wasiapishwe. Machi 2007 ikatoa uamuzi: Kenya haikufanya uchaguzi. Bunge zima likachelewa kuanza mpaka Juni.

Unajua marais walifanya nini katikati ya hiyo kesi? Desemba 2006, wiki chache tu baada ya ile amri, walibadilisha Mkataba wakaigawa mahakama mara mbili na kuongeza njia za kuwaondoa majaji. Kesi ilikuwa bado inaendelea! Kama karatasi ya saba haina maana, kwa nini marais walikimbia hivyo? Hiyo ndiyo sehemu huniambia kwamba hiki kiti wanakijua thamani yake kutuliko.

Mwaka 2017 tulichelewesha tena. Bunge lilipaswa kuanza Juni, sisi tukiwa kwa joto la uchaguzi wetu na marudio yake, na nchi zingine zikatungoja mpaka Desemba. Nusu mwaka Afrika Mashariki haina bunge kwa sababu ya Kenya. Na kalenda ya 2027 inafanana na ile. Hawa tisa waliopo waliapishwa Desemba 2022, muda wao unaisha Desemba 2027, na Agosti tuna uchaguzi mkuu. Mkiona kimya mwezi wa tisa na wa kumi, mjue majina yanapikwa.

Sasa wacha niwapeleke mbali kidogo, kwa sababu kuna mahali walikuwa kama sisi wakabadilika.

Bunge la Ulaya lilianza hivi hivi. Miaka ya mwanzo, wabunge wake walikuwa wanatumwa na mabunge ya nchi zao. Mwaka 1979 ndio raia wenyewe walipiga kura mara ya kwanza. Leo kila baada ya miaka mitano mtu wa Ureno, wa Poland, wa Ugiriki anaingia kwa kibanda anachagua watu wa kumwakilisha kwa bunge la nchi nyingi. Uchaguzi wa Juni 2024 ulikuwa wa viti 720. Ujerumani na Austria, hata mtu wa miaka 16 alipiga kura.

Na Cyprus, kisiwa chenye viti 6 pekee, kilitoa hadithi ambayo nilitumiwa na watu kama kumi hivi. Fidias Panayiotou, kijana wa miaka 24, kazi yake ni YouTube. Hana chama. Alikuwa anasema wazi kwamba siasa haijui sana. Akapata karibu asilimia 19 ya kura, akawa wa tatu, akaenda bungeni. Wale kumi wote waliniandikia kitu kimoja: "Ona, wewe pia uliacha chuo, wewe pia una kamera, simama."

Asanteni, lakini hapana. Kusema ukweli ushindi wake ulinifurahisha na ukaniogopesha. Mtu anayejulikana kwa kufanya vituko si lazima ajue kusoma bajeti. Ninajua algorithimu inavyofanya kazi, ninakula kwayo: inapenda sura kuliko hoja. Ukileta kura ya moja kwa moja hapa kesho, kuna uwezekano mkubwa tutapeleka Arusha wachekeshaji wanne, mwimbaji mmoja wa injili, na mabilionea wanne.

Lakini kuna tofauti moja siwezi kuiruka. Waliomchagua Fidias wanaweza kumtoa. Anajua hilo kila asubuhi akiamka. Sisi tukipeleka mtu mbaya Arusha hatuna pa kumshikia. Hatukumpeleka.

Kuna wanaosema kura kama hiyo ni gharama, na kwamba watu hawatajitokeza. La pili lina ukweli. Ulaya kujitokeza kulianza juu, zaidi ya asilimia 60 mwaka 1979, kukashuka mpaka karibu 43 mwaka 2014, ndio kukapanda tena mpaka karibu nusu. Kwa hivyo kura yenyewe haifanyi watu wapende bunge. La gharama sioni uzito wake, karatasi ya saba siku ile ile ya zile sita haihitaji kituo kingine wala karani mwingine. Kizuizi halisi ni kwamba Mkataba unasema bunge la nchi ndilo linachagua, na kubadilisha Mkataba kunahitaji nchi zote zikubali. Hilo halitatokea kabla ya 2027. Ningekuambia litatokea ningekuwa nakuuzia hewa.

Kwa hivyo kwa sasa nataka vitu vidogo ambavyo havihitaji saini ya rais yeyote, kwa sababu kifungu hicho hicho cha 50 kinaachia bunge letu lijipangie utaratibu wake.

Majina yatoke mapema. Tuyapate wiki nne kabla, na wasifu wa kila mtu, badala ya kuyaona yakivuja kwa gazeti. Wahojiwe hadharani, kwa runinga, kwa Kiswahili, kama tunavyowahoji majaji na mawaziri. Niulize swali moja tu la forodha nione uso wa mtu ukibadilika. Na kati ya tisa, angalau mmoja awe chini ya miaka 35 ambaye jina lake la mwisho halijawahi kuwa kwa karatasi ya urais.

Halafu kuna hili la siri, na hapa ndipo mimi hukasirika. Kura ya EALA ni ya siri. Mbunge wako anaingia pale kwa niaba yako, anachagua mtu wa kukuwakilisha, na huna haki ya kujua alimchagua nani. Kura ya siri iliwekwa kumlinda mwananchi mdogo dhidi ya mkubwa: chifu asijue, bosi asijue, mume asijue. Mheshimiwa analindwa dhidi ya nani? Juni 2024 tuliona majina yao kwa mswada mmoja, nchi ikatikisika. Wanajua tukiona haya pia tutauliza. Wengine watasema siri inamsaidia mbunge kumkataa mtu wa kinara wake bila kuadhibiwa. Ni hoja nzuri. Nimeangalia orodha ya 2017 na ya 2022 nikitafuta mahali ambapo huo ujasiri wa siri ulifanya kazi, na nikaangalia tena majina ya mwisho ya waliochaguliwa.

Kampeni zinaanza, tena mapema. Watakuja mtaani na fulana, na maji ya chupa, na mia mbili mbili. Watapanda juu ya gari wakuulize unataka nini. Wengi tutasema barabara, kazi, basari, na ni sawa. Mtu mmoja tu katika umati, mmoja kwa kila mkutano, ainue mkono aulize: "Mheshimiwa, mwezi wa kumi na moja utampigia nani kura ya Arusha, na utatuonyesha karatasi yako?"

Rekodi jibu. Akiuliza "Arusha gani?", rekodi hiyo zaidi.